Mkono Wako Ukae Mfukoni

Wadogo zangu wa Mtwara, siku hizi simu yangu haitulii, na mnachoniuliza ni kimoja: "Dada, tumejikusanya marafiki, tunataka kwenda Kolo kule Kondoa tukaone michoro ya miambani, tulale kwenye mahema. Unatushauri nini?" Mmoja anauliza nauli. Mwingine anauliza usiku utakuwaje. Mwingine anazunguka mbuyu mpaka nachoka kusoma, halafu mwisho kabisa ndipo anatoa la moyoni: mama hajui, na hema ni moja.

Tutafika huko kote. Kaa vizuri.

Kwanza nimefurahi, na sisemi hivi kukupaka mafuta. Kijana wa kusini akishika hela, safari inayomjia kichwani ni Dar, na akifika Dar ni Kariakoo. Leo mnataka kwenda kutazama kazi ya mikono ya watu walioishi nchi hii kabla ya babu wa babu zetu. Hilo ni jambo la heri, na mwenda bure si mkaa bure. Kwa hiyo sikuzuii. Ninachotaka ni kukufunda kabla hujatoka, maana kufundwa watu wa Mtwara tunakujua.

Kolo ni kijiji cha wilaya ya Kondoa, mkoa wa Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Babati na Arusha, ukishaupita mji wa Kondoa. Vilima vyake viko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na pale majabali yanapoinama yakaacha kivuli chini yake, ndipo watu wa kale walipochora. UNESCO iliyaingiza maeneo hayo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo zima ni kilomita za mraba 2,336, na sehemu zenye michoro zinazojulikana ni zaidi ya 150. Huwezi kuzimaliza kwa safari moja, usijitese. Wageni wengi hupelekwa kwenye kilima cha Kolo chenyewe, wenye nafasi zaidi husogea hadi Pahi na Fenga. Kutoka ofisi ya wahifadhi pale Kolo kuna mwendo wa gari kwenye njia mbaya, kisha unashuka na kupanda kwa miguu. Vaa viatu vinavyofunga. Kandambili za kwendea feri acha nyumbani.

Sasa ukifika pale chini ya mwamba, usitegemee picha kubwa za rangi kali kama ulivyoziona kwenye simu. Mwanzoni unaweza usione kitu, ukadhani umedanganywa. Simama, macho yazoee kivuli. Ndipo anatokea mtu mmoja mwekundu, mrefu, mwembamba, kichwani ana nywele kubwa za duara. Pembeni yake mwingine ameinama. Halafu twiga. Halafu pofu, na nyuma yake tembo aliyechorwa kwa mistari myembamba hivi kwamba unajiuliza huyo mchoraji alitumia nini. Mara unagundua kwamba picha zimepandana, mtu amechora, miaka imepita, mwingine amekuja akachora juu yake. Wekundu ule ulitoka kwenye mawe na udongo wenye chuma, wakausaga. Zile nyeupe, nene, ni za baadaye, nazo wataalamu wanasema ni za watu waliokuja na kilimo na mifugo. Nyekundu wanazihusisha na wawindaji, jamaa wa kale wa Wasandawe na Wahadzabe, ambao wajukuu zao tunaishi nao nchi hii mpaka leo. UNESCO inahesabu kwamba uchoraji huo ulidumu angalau miaka elfu mbili.

Na hapo, mdogo wangu, ndipo mkono unapowasha. Nakujua. Ukiona kitu kizuri unataka kukigusa, kufuata ule mstari kwa kidole, kuhakikisha ni kweli. Si ubaya wa moyo, karibu kila mgeni hupatwa na hamu hiyo. Lakini kidole chako kina jasho na mafuta, na rangi ile haina kinga yoyote, imekaa juu ya jiwe tu. Wewe unagusa mara moja, kesho darasa zima la wanafunzi linagusa, keshokutwa basi la watalii. Mkono wako ukae mfukoni. Kama suruali haina mfuko, ufunge nyuma ya mgongo. Nitalirudia hili mpaka unichoke.

Kuna na wale wanaoambiwa na marafiki kwamba picha ikififia, imwagie maji, itang'aa, upige picha ionekane vizuri. Jamani! Ni kweli inang'aa, kwa dakika chache. Kisha maji yanakauka na kuacha chumvichumvi za jiwe juu ya mchoro, utando mweupe unaozidi kuwa mnene kila maji yanapomwagwa, mpaka mtu mwekundu anapotelea ndani. Watu wamefanya hivyo miaka na miaka, na kuna picha zilizoharibika kwa sababu hiyo. Maji ya chupa yako ni ya kunywa.

Kosa jingine ni la moto. Jua limezama, kuna upepo, mwamba unakinga vizuri, mtu anasema tuwashe hapa hapa. Usiwashe. Moshi unapanda, masizi yanaganda kwenye dari la jiwe, na masizi hayafutiki bila kuondoka na rangi. Moto wa kupikia uwe kambini, kwenye sehemu utakayoonyeshwa na wenyeji. Pikia gesi kama unaweza, na nitakuambia kwa nini.

Kondoa ile mnayokwenda kuna wakati ilikuwa imechimbika kwa mmomonyoko mpaka makorongo yakawa yanameza mashamba. Mwaka 1973 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, watu wanauita HADO, na mwaka 1979 ng'ombe, mbuzi na kondoo wote wakaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Fikiria Mrangi, mwenyeji wa huko aliyekulia kwenye ng'ombe, anaambiwa awatoe. Wakawatoa, kwa uchungu, na miti ikarudi. Sasa wewe uje na panga lako kutoka Mtwara, ukate mti mbichi uchome nyama, upige picha na moto mkubwa. Mzee wa pale hatakufokea labda, wana adabu zao. Lakini ataona, na ataumia. Kuni ukizihitaji, ulizia za kununua.

Tena makorongo hayo yananileta kwenye hema. Mito ya Kondoa mingi ni ya mchanga, kiangazi unaikuta mikavu, mipana, laini, na kijana wa pwani akiona mchanga moyo wake unamwambia hapa ndipo pa kulala. Usilale mtoni. Mvua ikinyesha milimani huko juu usikosikia hata ngurumo, maji yanashuka usiku na hayapigi hodi. Lala mahali pa kambi, palipoinuka, hata kama ardhi ni ngumu na vigingi vinagoma kuingia. Bebeni nyundo ndogo.

Halafu hili la msimu. Najua hela zenu zinatoka lini. Minada ya korosho inaanza Oktoba, malipo yanapita kwenye vyama vya msingi, Novemba na Desemba mfuko umenona na kila mtu ana mpango. Lakini kuanzia Desemba Kondoa ina mvua, na mvua hizo zinaweza kwenda mpaka Aprili. Njia ya kupanda kilimani inateleza, hema linalowa, safari inageuka kuwa kazi. Huku kwetu pia barabara ina mambo yake. Mnakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilivyokata barabara ya kwenda Dar, magari yakalala njiani siku na siku. Kwa hiyo ninakuomba kitu kigumu: hela ipate Novemba, safari iwe Juni, Julai mpaka Septemba. Mpe mtu mmoja mwaminifu ashike, au ifungeni kwenye kikundi ambacho kutoa lazima wawili wakubaliane. Hela ya msimu ikikaa peke yake kwenye simu inajua njia ya kutokea.

Na Juni hiyo hiyo Kondoa kuna baridi. Sikusikii unaniambia umezoea. Wewe umezoea upepo wa bahari wa asubuhi kwetu Shangani. Kule ni nchi ya juu, usiku ule kanga mbili hazitoshi. Chukua blanketi zito, sweta, soksi, na kitu cha kutandika chini, maana baridi kali inakuja kutoka ardhini. Mtu aliyelala na baridi asubuhi ana hasira, na safari nyingi za marafiki zinavunjika kwa sababu tu watu hawakulala.

Njia yenyewe ni ndefu. Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, Dar mpaka Dodoma kama 450, kisha Kondoa kama 160 kwa lami, na Kolo mbele yake. Toka 2024 kuna treni ya umeme kutoka Dar mpaka Dodoma, inakupunguzia mzigo sana. Kuna wanaopenda kupita Masasi, Tunduru, Songea, Njombe mpaka Iringa, wakatokee Dodoma kwa upande ule. Ni kuzuri kwa macho, ila uwe na siku za kutosha. Vyovyote vile, usipange kufika Kolo usiku. Lala Kondoa mjini, asubuhi uende ukiwa na akili zako. Njiani bebeni vya kwetu, korosho, ng'onda, ming'oko iliyochemshwa. Chakula cha nyumbani kinaokoa hela, na ukimkaribisha mwenyeji wako kitu cha kutoka kwenu mazungumzo yanafunguka.

Sasa tuje kwa mama.

Wewe uliyeniandikia kwamba umemwambia mama unakwenda semina Dodoma, nisikilize kwa utulivu, sikugombezi kwa kukuchukia. Njia ya mwongo ni fupi. Najua kwa nini umesema hivyo. Umemwona mama anavyokunja uso ukitaja safari, umeogopa akisema hapana utabaki Mtwara ukitazama picha za wenzako. Uchungu wa kubaki nyuma naujua unavyouma. Lakini pima upande wa pili. Uko kilimani, umeteleza, mguu umevimba, mtandao hauna nguvu. Mwenzako anapiga nyumbani kuomba msaada, mama anaambiwa mwanao yuko Kolo. Anasema mwanangu yuko semina. Hapo hapo ana kazi mbili, kukutafuta na kuomboleza uongo wako, na ile ya pili ndiyo itakayodumu. Mwambie ukweli. Mpe jina la kijiji, siku ya kwenda na ya kurudi, namba za wenzako wawili, na namba ya ofisi au kambi. Akikataa, mlete shangazi azungumze naye, au mjomba, ndiyo kazi yao. Ukikataliwa kabisa na bado unaishi chini ya paa lake, subiri. Ile michoro imengoja karne na karne, mwaka mmoja itakusubiri.

La hema moja ni zito zaidi, na wengi mnalizunguka kwa aibu. Binti ananiambia: "Dada, kaka aliyenilipia nauli anasema tutalala hema lake, na mimi sijui nisemeje." Mdogo wangu, unasema hapana. Unasema mapema, ukiwa bado Mtwara, mchana, mbele ya wenzako. Nauli si mahari, na hata mahari haimnunui mtu. Kwenda kambini hukukubali jambo lolote zaidi ya kwenda kambini. Kama kusema kunakushinda, basi usimruhusu akulipie, jikusanyie chako hata kama itachukua msimu mwingine. Na kama anasema ukikataa safari imekufa, basi safari hiyo haikuwa ya michoro. Wasichana walale na wasichana, tochi iwe karibu, na mkubaliane kwamba usiku hakuna anayetoka peke yake hata kwenda chooni.

Nanyi wavulana msinikimbie. Kuna kijana aliniambia wenzake wanamcheka kwamba atalala hema la wavulana "kama mtoto wa jando." Muwaache wacheke. Aliyetoka jando amefundishwa heshima ya mwili wake na wa mwenzake. Anayekucheka ndiye aliyesahau somo.

Hapo nimetaja jando kwa makusudi, maana kuna jambo la Kolo ambalo sisi watu wa kusini tunapaswa kulielewa upesi kuliko wengine wote. Pale Kolo kuna mahali panaitwa Mungumi, chini ya mwamba wenye michoro, ambapo wenyeji mpaka leo wanafanya matambiko. Wanaomba mvua, wanaombea wagonjwa, wanapeleka pombe ya asili na sadaka. Wahifadhi wamekuwa na mvutano nao miaka mingi, maana vinavyomwagwa kwenye mwamba vinaweza kuharibu picha, na wenyeji wanajibu kwamba mahali pale palikuwa patakatifu kabla hajaja mhifadhi yeyote. Mimi naona pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa, na wanaopaswa kulimaliza ni hao wenyewe wakiwa wamekaa pamoja. Mgeni wa siku mbili halimhusu. Lake ni adabu.

Sasa kuna vijana wetu wakifika mahali kama pale wanaanza. Mmoja anasema huu ni ushirikina. Mwingine anacheka, anajirekodi akiiga anavyodhani mganga anaongea. Mwingine anaokota kilichowekwa pale. Naomba ujiulize: likumbi la jando la wadogo zako, kule porini walikofungiwa, akatokea kijana wa Kondoa na simu yake, akaingia bila kuuliza, akarekodi, akacheka, ungemfanyaje? Damu ingekuchemka. Hata wewe uliyesoma, uliye na dini yako na swala zako, damu ingekuchemka, kwa sababu ni ya kwenu. Basi ile ni ya kwao. Imani yako itabaki nzima hata ukinyamaza. Muulize anayekuongoza kama leo panaingilika, na akisema hapana, geuka. Usidai hela yako. Ukimkuta mzee, shikamoo kwanza, simu baadaye, na simu itoke tu kama ameruhusu.

Kuna na uvumi mwingine unaowaharibu vijana, wa rupia za Mjerumani. Wanaambiwa Wajerumani walificha mali chini ya miamba ile wakati wa vita, na michoro ni ramani. Watu wamechimba kwenye vivuli vya miamba wakitafuta, wakafukua udongo wenye mifupa na zana za mawe za watu wa kale, vitu ambavyo mtaalamu angevisoma tabaka kwa tabaka. Hilo shimo halizibiki tena kwa maana ya elimu. Na hata huku kwetu najua hadithi hizo zipo, kuanzia Mikindani mpaka Newala. Akija mtu kambini kwenu usiku na hadithi ya rupia na chepeo, mwambieni mwongozaji asubuhi. Michoro hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Usijikute mahakamani Kondoa kwa tamaa ya mtu usiyemjua jina.

Ndiyo maana nasisitiza mwongozaji. Najua mnataka kubana matumizi, mnasema njia tutaiuliza kwa bodaboda. Pita ofisini, lipa ada, chukua risiti, pewa mtu. Anayewaongoza anajua ni wapi nyuki wamejenga na ni jiwe gani linateleza. Zaidi ya hayo, anajua kuisoma michoro, na kuisoma si kazi rahisi. Mtafiti Mwingereza Mary Leakey alikaa Kolo mwaka 1951, akinakili michoro juu ya karatasi angavu, mchoro baada ya mchoro, kazi ya uvumilivu wa ajabu. Katika picha moja aliona mwanamke kashikwa mikono, watu wanamvuta huku na huku, akaichukulia kuwa ni utekaji. Watafiti waliokuja baadaye, wakakaa na Wasandawe na kujifunza ngoma yao ya simbo, ambamo mtu huzidiwa mpaka hali yake inabadilika na wenzake wanamshika, wakazitazama picha za namna hiyo kwa jicho jingine: huenda ni watu walio ngomani, wanatafuta uponyaji. Unaona? Mtu mwenye elimu na subira kama yule bado kuna alichokiona kwa macho ya kwao. Wewe ukipita dakika kumi bila mtu wa kukueleza utaona "watu wembamba" tu, upige picha, uondoke. Uliza. Kuuliza si ujinga.

Kabla ya yote, wekeni jaribio la kambi hapa nyumbani. Nendeni Msimbati usiku mmoja. Ile pwani nayo ni hifadhi, ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, kwa hiyo nako ulizeni utaratibu na mlipe kinachotakiwa. Mchanga wa Msimbati hautashika vigingi vyenu. Jazeni mchanga kwenye mifuko ya sandarusi, fungeni kamba za hema humo, fukieni. Angalieni mwezi: siku za bamvua maji yanapanda mbali, na aliyepiga hema chini ya mstari wa magugu makavu ataamka anaelea. Msiwashe taa kali kuelekea baharini, maana kasa wanapanda kutaga pwani hizo na mwanga unawapoteza. Mkitoka hapo mtakuwa mmejua nani anakoroma, nani ananuna akiwa na njaa, nani anaacha wenzake waoshe sufuria. Mengine yatatengenezeka. Mwingine mtagundua hafai kusafiri naye kilomita elfu na zaidi, na ni heri mjue mkiwa mnaweza kurudi mjini kabla ya chakula cha mchana.

Nirudi kwenye mkono, niliahidi. Mdogo wangu, najua tunachokitafuta tunapoandika majina yetu. Tunataka ijulikane tulifika. Fulani na Fulani, moyo katikati, mwaka chini. Mnapendana na mnaona jiwe ndilo litakaloshika ahadi yenu. Lakini penzi lenu likivunjika, Mungu apishie mbali, lile jina litabaki juu ya mtu mwekundu ambaye hakuwakosea kitu. Anayetaka kuonyesha alifika, aonyeshe anachokijua: aeleze nyumbani tofauti ya nyekundu na nyeupe, awaambie wadogo zake kuhusu Wasandawe, amshawishi mwalimu wake apeleke darasa.

Na sasa wewe wa mwisho, uliyeandika usiku wa manane. Umeniambia mlikwenda mwaka jana, ukaandika jina lako na la mwenzako kwa mkaa pembeni ya mchoro, na tangu usome habari za michoro hiyo huna raha, unataka mrudi ukayasugue kwa brashi na sabuni kabla hajayaona mtu. Pole. Nakusifu kwa kuona aibu, maana wengi wanaandika na wanalala usingizi mzito. Lakini usiyasugue. Brashi itaondoka na mkaa na rangi pamoja, sabuni itaacha doa lake, na pale palipo na kosa moja patakuwa na mawili. Kazi hiyo ina watu wake, na wanaifanya kwa taratibu, kwa vifaa vyao. Ukifika, nenda moja kwa moja ofisini Kolo, waambie ni mwamba upi, upande upi, uliandika kwa kitu gani na lini. Huenda wakakufokea, na kama kuna faini utalipa. Kama unaogopa kwenda peke yako, nenda na yule uliyemwandika pembeni yako, maana mkaa mliushika wawili.